Wote Walisema Wanatoka Mjini

Sikuwapenda tangu siku ya kwanza, na leo sitaki kujifanya nimesahau. Waliingia Kibondo asubuhi na malori yao ya rangi ya majani makavu, wakageukia uwanja wa mpira, na kabla watu hawajala chakula cha mchana walikuwa wamesimamisha hospitali nzima. Mahema marefu, vitanda vyenye tundu katikati kwa ajili ya wagonjwa wa kipindupindu, matangi ya mpira, jenereta, mashine ya kusafisha maji. Mimi ni muuguzi, kazini kwa miaka kumi na tisa. Niliwahi kuomba mashuka ya wodi kwa barua, na wakubwa watatu wakastaafu mmoja baada ya mwingine kabla hayajafika. Basi nilisimama kando ya uwanja ule nikaona wivu, na nyuma ya wivu machale yakaanza kunicheza. Mtu anayeweza kujenga hospitali kwa asubuhi moja anaweza kufanya nini kingine kwa asubuhi moja?

Walikuwa madaktari wa jeshi la nchi ya mbali. Tuliambiwa serikali yetu imewaalika kwa sababu kipindupindu kimetushinda, na hilo la kutushinda lilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeletwa kutoka Kasulu kuongeza nguvu, kwa kuwa ni Muha wa kuzaliwa na wazee wa huku hawapendi kuzungumzia matumbo yao kwa Kiswahili. Kwa wiki mbili tulikuwa tumelaza watu sakafuni juu ya khanga zao, chupa za dripu tumezitundika kwenye misumari ya madirisha. Siku dripu zilipokwisha tulibaki kuwanywesha watu maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, na wengine hawakuweza hata kumeza.

Nilikuwa na sababu yangu nyingine ya kukosa raha. Mama yangu anaishi peke yake kilimani, juu ya Kitahana, tangu baba alipofariki. Anachota maji katika chemchemi ile ile aliyochota maji ya kuniogeshea nilipozaliwa. Nilimpigia simu aje Kasulu akae kwangu hadi ugonjwa upite. Akaniuliza maharage yake atayapalilia nani, huo ugonjwa? Kila alipoletwa mgonjwa mpya mwanamke, nilimtazama uso kwanza kama mtoto anayemtafuta mamaye, halafu ndipo nikamtazama kama muuguzi.

Mkubwa wa wale wageni upande wa wagonjwa alikuwa daktari mwanamke, kapteni, mwembamba, mwenye nywele fupi za mvi na tabia ya kunawa mikono hadi kwenye viwiko hata akiwa anakwenda kula tu. Kati yangu na yeye walimweka mkalimani, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mtu wa Tanga aliyehamishiwa Kibondo miaka miwili nyuma. Kapteni akisema, Mwalimu anayageuza kuwa Kiswahili kizuri cha pwani, nami nakigeuza kuwa Kiha kwa mgonjwa. Jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo swali fupi kama "umeanza kuhara lini?" lilikuwa linasafiri mbali kabla ya kupata jibu, na njiani kila mmoja wetu alikuwa na nafasi ya kulishikashika.

Siku ya pili nilimwomba Mwalimu amuulize kapteni jambo lililokuwa likinikera. Kwa nini wanajeshi? Kwao hakuna madaktari wanaovaa mashati ya kawaida?

Kapteni hakukasirika. "Wapo," alisema, na Mwalimu akanitafsiria. "Lakini wao watakaa mezani mwezi mzima wakijadili nani alete mahema. Mimi naambiwa nenda, naenda. Malori ninayo, mafuta ninayo, watu wa kuchimba vyoo ninao. Ugonjwa huu haungoji kikao."

Lilikuwa jibu zuri, na nililichukia kwa uzuri wake. Naambiwa nenda, naenda. Nilijiuliza anaambiwa na nani, na huyo anayemwambia anataka nini huku kwetu, ambako hata barabara ya lami tumeisubiri mpaka tukazeeka. Nilianza kuwachunguza. Kila Jumanne na Ijumaa helikopta ilichukua maboksi ya baridi yaliyojaa sampuli za vinyesi na damu. Niliuliza yanakwenda wapi, nikaambiwa maabara. Maabara ya wapi? Ya kwao. Halafu kulikuwa na kile kindege kisicho na rubani kilichozunguka juu ya mapaa ya watu kikipiga picha. Ndiyo, sote tuliambiwa ni kwa ajili ya kutafuta vyanzo vya maji. Mwalimu alinicheka.

"Dada yangu wee," aliniambia, "wewe kila kichaka unakiona kina mtu ndani."

"Mwalimu, wewe ni mgeni," nikamjibu. "Kwetu vichaka vina watu kweli."

Pale mlangoni mwa hema la kwanza kulikuwa na meza ya kuandikisha. Mwanajeshi wa zamu alikaa na kishikwambi, mimi na Mwalimu tukakaa pembeni yake. Mgonjwa akifika, hata kama anabebwa, kwanza aliulizwa jina, umri, kijiji anachoishi na mahali anapochota maji. Majibu yaliingia kwenye kishikwambi, na kwenye ramani kubwa ndani ya hema la wakubwa kikajitokeza kitone chekundu mahali mgonjwa alipotoka. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yao yote ya kuzima ugonjwa. Vitone vikirundikana mahali, maji ya hapo ndiyo mabaya, wanakwenda kuyatibu au kuyafunga. Akili nzuri. Ningekuwa mimi, ningefanya hivyo hivyo.

Mgonjwa wangu wa kwanza pale mezani alikuwa mzee ninayemfahamu kwa sura, mfuga nyuki wa milimani, mtu ambaye mjini hufika kuuza asali na kuondoka. Nikamsalimu, "Mwakeye." Akaitikia kwa shida. Nikamuuliza anaishi wapi. Akanitazama, akamtazama mwanajeshi, akatazama kile kishikwambi, kisha akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mjini hapa. Karibu na soko."

Nilijua anadanganya, naye alijua ninajua. Nikamgeukia Mwalimu nikasema, mjini, karibu na soko.

Mtu asiye wa huku hawezi kuelewa haraka kwa nini mzee anayekaribia kufa atumie pumzi yake kudanganya kijiji chake. Kiha chetu na Kirundi vinafanana mno. Mtu aliyeletwa kikazi kutoka mbali akinisikia nikiongea na mama yangu, hawezi kujua kama sisi ni watu wa hapa au tumevuka mpaka kutoka Burundi jana usiku. Kwa hiyo miaka yote, kila lilipotokea la kutafuta wageni, wa kwanza kuulizwa karatasi ni watu wa vijiji vya pembeni, wale ambao karatasi hawana. Watu wakajifunza. Ukiulizwa na mtu mwenye sare na daftari, wewe ni wa mjini. Mtu wa mjini hakuna anayemuuliza babu yake alizikwa wapi. Wazazi walitufundisha hivyo kama wanavyomfundisha mtoto kunawa kabla ya kula, na hatukuona kuwa ni uongo.

Nyumbani kwetu jambo hili lilikuwa na uchungu zaidi. Nilipokuwa darasa la nne, walipita watu kijijini wakiandika majina kwa ajili ya vyandarua. Baba alikuwa mtu wa kupenda utaratibu. Alitaja majina yake yote matatu, akatia kidole gumba kwenye wino, tukapata vyandarua viwili vya bluu. Miezi michache baadaye wakaja wengine na lori na orodha, wakamsoma baba kwa majina yake yote matatu, wakampandisha. Sijawahi kupata uhakika kwamba orodha ya lori ilikuwa ndiyo ile ya vyandarua. Hakuna aliyetuambia, na mama hakuwahi kuuliza kwa sababu aliamini tayari. Baba alirudi kwa miguu kutokea mpakani, upande wa Manyovu, baada ya mavuno mawili, amekonda, na tangu siku hiyo hadi anazikwa hakutaja tena jina lake kamili mbele ya mtu asiyemfahamu. Mama alivitoa vile vyandarua akavichoma moto nyuma ya nyumba, tukalala na mbu.

Kwa hiyo nilipomsikia mzee wa nyuki akisema mjini, sikumlaumu. Nilifanya zaidi ya kutomlaumu. Kufikia siku ya nne nilikuwa nawafuata wagonjwa kwenye foleni kabla hawajafika mezani, najifanya napima mapigo ya moyo, huku nawanong'oneza kwa Kiha: wakiuliza unatoka wapi, sema mjini, na jina taja lolote. Wengi walinitazama kwa mshangao wa kwamba nadhani hawajui. Niliona ninawalinda watu wangu. Nilijisikia vizuri sana, na ninaandika hilo kwa aibu.

Baada ya wiki kapteni alituita tuione ramani. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefumbua fumbo. Vitone vyote, karibu vyote, vilikuwa vimelizunguka soko la Kibondo kama siafu. Siku ile ile wanajeshi wake walikwenda sokoni. Walifunga bomba la soko, wakafunga visima viwili vya jirani, wakamwaga klorini kila mahali hadi macho yakawasha, na mama ntilie wote wakaambiwa wazime majiko yao kwanza. Mama mmoja anayeuza wali na maharage alinifuata hadi getini akanitolea maneno mbele za watu. Miaka yote anachemsha maji yake, alisema, na leo anaambiwa ameua watu. Nilimsikiliza nimeinamisha kichwa. Kisha nikarudi mezani kwangu.

Wagonjwa hawakupungua. Siku tatu, siku nne baada ya bomba la soko kufungwa, bado waliletwa kwenye pikipiki na machela za kujitengenezea, matope mekundu ya milimani yamewafika magotini, na wote walisema wanatoka mjini. Kapteni si mjinga. Niliona anavyoyatazama yale matope. Siku moja alinikuta nabadilisha dripu, akamwita Mwalimu, akaniuliza kama kuna jambo kuhusu watu hawa ambalo yeye kama mgeni hawezi kuliona.

"Sijui," nikasema.

Mwalimu hakutafsiri haraka. Alinitazama kwanza. Nadhani na yeye alishaanza kuelewa, maana miaka miwili si haba, lakini alikuwa mtu wa heshima na hakutaka kuniumbua. Akatafsiri: hajui.

Najua nilichokuwa nafikiri wakati ule. Nilifikiri, akishajua vijiji atajua na nyumba, akishajua nyumba atajua na watu, halafu siku moja haya mahema yatakunjwa na orodha itabaki mikononi mwa mtu. Nilifikiri pia kwamba wagonjwa wanatibiwa vizuri, wachache wanakufa, tatizo liko wapi? Nilijipa moyo hivyo mpaka ile asubuhi jirani wa mama aliponipigia simu.

Mama alikuwa ameanza kutapika tangu jioni ya jana yake na hakutaka nipigiwe. Walimleta kwa bodaboda, jirani kamkumbatia kwa nyuma, yeye katikati amefungwa kwa khanga kwenye mgongo wa dereva ili asidondoke. Nilikuwa mezani. Nilimtambua kwa ile khanga kabla ya uso, maana uso ulikuwa umebadilika, macho yamezama ndani na midomo imeshikana na meno. Nilitaka kuinuka, na yeye akanitazama kwa ukali nikabaki nimekaa. Alikuwa ananikana kwa makusudi, mbele ya mwanajeshi, ili nisipate matatizo kazini.

Ilibidi nimuulize kama ninavyowauliza wengine. Nikamuuliza jina. Akataja jina la marehemu shangazi yake. Nikamuuliza anatoka wapi.

"Mjini," alisema mama yangu. "Karibu na soko."

"Maji unachota wapi?"

"Bomba la soko."

Mama yangu hajawahi kunywa maji ya bomba. Anasema yana ladha ya kitasa. Na bomba lenyewe lilikuwa limefungwa siku tano zilizopita, kwa hiyo hata mwanajeshi wa zamu aliinua uso kutoka kwenye kishikwambi. Nilibana ngozi ya mkono wa mama, ikabaki imesimama pale nilipoiacha. Nikafikiria chemchemi. Nikafikiria jirani aliyemleta, ambaye naye alikuwa amechota hapo asubuhi, na watoto wa shule wanaopita pale na vidumu vyao. Wote hao nilikuwa nimewalinda.

Walimwingiza ndani, wakamtoboa mishipa ya mikono yote miwili, maji yakaanza kuingia. Mimi nikamshika Mwalimu kwa mkono nikamwambia nipeleke kwa kapteni.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilisema hakuna mgonjwa wa mjini, au wapo wachache sana, na kwamba wengine niliwafundisha mimi. Mwalimu alikuwa anatafsiri polepole, anapunguza ukali wa maneno, nikamwambia asipunguze. Kapteni alikaa kitako juu ya boksi. Aliuliza swali moja tu, kwa nini, nami nikamsimulia habari ya baba na vyandarua. Nilipomaliza nilimwambia nitampa vijiji vyote na chemchemi zote ninazozijua, lakini kwanza aniapie kwamba orodha yake haitatoka mikononi mwake.

Nje jenereta lilikuwa linanguruma. Kapteni akasema maneno ambayo Mwalimu aliyatafsiri macho yakiwa chini.

"Anasema hawezi kuapa, Dada. Anasema yeye ni mwanajeshi. Akiamriwa aitoe, ataitoa."

Sijui kama niliwahi kuambiwa ukweli mtupu namna ile na mtu mwenye sare. Ningependelea aniongopee. Angeapa, ningekuwa na mtu wa kumlaumu baadaye. Kwa jinsi alivyosema, mzigo wote aliurudisha kwangu. Lakini nitamtendea haki. Alikiweka kishikwambi kando, akatoa karatasi tupu na penseli, akasema nimpe mahali pa maji tu, majina ya watu nibaki nayo. Nikamchorea. Milima, njia, chemchemi moja baada ya nyingine, nyingine sikumbuki hata zina jina gani kwa Kiswahili. Mchana ule ule magari yake yalipanda Kitahana na mitungi ya klorini. Wagonjwa wenye matope mekundu walianza kupungua kabla ya wiki kwisha. Ningeweza kuishia hapo nikajisifu.

Ila mama hakuwa anakojoa. Dripu ziliingia, uso ulianza kurudi, lakini siku nzima na asubuhi iliyofuata mfuko wa mkojo ulikuwa mkavu. Kapteni alisema figo zimesimama na mashine ya figo pale uwanjani hakuna. Helikopta ingempeleka hospitali kubwa, mchana huo huo, kama ataandikishwa. Hapo ndipo karatasi na penseli zilipofika mwisho. Rubani hampandishi mtu asiyejulikana. Jina la kweli, kijiji cha kweli, picha, ndugu wa kuwajibika, na kidole gumba.

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza kwa Kiha. Alikuwa na akili zake zote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema neno moja, ambalo kwa Kiswahili ni usiandike.

"Mama, utakufa."

Akanijibu kwamba watu hufa, na kwamba baba yangu alikufa mara mbili kwa sababu ya karatasi, yeye anataka kufa mara moja tu. Kisha akafumba macho, akakunja ngumi akaificha chini ya khanga.

Kapteni alikuwa amesimama mguuni mwa kitanda. Hakuangalia saa, ingawa nje helikopta ilikuwa imeshawashwa. Nilimwambia mwanajeshi wa zamu andika. Nikataja jina la mama yangu, yote matatu, halafu kijiji, halafu kitongoji, halafu langu chini yake. Nilisikia sauti yangu ikiyataja kwa utaratibu, kama ya baba. Wakampiga picha akiwa amegeuza uso, wakalazimika kurudia. Kisha nikaingiza mkono chini ya khanga nikaitafuta ile ngumi.

Hakuwa na nguvu, na bado nililazimika kutumia nguvu. Nilivikunjua vidole vyake kimoja kimoja mpaka nikafika kwenye gumba, nikalibonyeza juu ya kioo kidogo cha kusoma alama za vidole. Kioo kikakataa. Vidole vya mgonjwa wa kipindupindu vinajikunja ngozi kama vya mtu aliyefua siku nzima, na mashine haikuona mistari. Nikalinyoosha lile gumba kwa vidole vyangu, nikalibonyeza tena. Ikakataa. Mara ya tatu nililivutia ngozi kwa nyuma, nikabonyeza kwa kiganja changu chote, mama akatoa sauti ndogo, na taa ya kijani ikawaka. Wakati wote ule alikuwa amefumbua macho ananitazama mimi, si mashine. Kati ya watu wote waliopita kwenye mahema yale, nadhani yeye peke yake ndiye aliyeingia kwenye orodha kama alivyo.

Alipona. Nasema hivi haraka kwa sababu ndilo nililolitaka na nikalipata. Figo ziliamka baada ya siku chache, akarudi nyumbani, akakuta maharage yamepaliliwa na majirani. Wageni nao waliondoka kama walivyokuja, kwa asubuhi moja. Kabla ya hapo kapteni alikwenda mwenyewe sokoni na Mwalimu, akawaomba radhi mama ntilie mmoja mmoja. Kosa lilikuwa langu, na mimi sikwenda.

Baadaye nilimwomba Mwalimu amwandikie kapteni, amuulize ile orodha iko wapi. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, fupi na la adabu: kumbukumbu zote zimekabidhiwa kwa wahusika. Nilimuuliza Mwalimu wahusika ni akina nani. Akasema neno la Kiingereza lililotumika ni hivyo hivyo tu, halisemi. Hakuna aliyekuja kijijini hadi leo. Labda hakuna atakayekuja. Labda maboksi yale yalikuwa na vinyesi tu, na kile kindege kilikuwa kinatafuta maji tu, na mimi ni mwanamke mwenye kasoro ya kutoamini watu walioniokolea mama. Hilo nalifikiria sana, na nikishalifikiria nabaki palepale.

Mwezi uliopita gari la hospitali lilikuwa linatoka Kasulu kupeleka chanjo Kibondo, nikaomba lifti nimwone mama. Dereva akanifanyia hisani ya kunipandisha hadi kilimani. Nilikuta mlango wazi. Sufuria ya maharage ilikuwa jikoni inachemka, jembe limetupwa katikati ya njia, na mama hayupo. Niliita. Niliita tena. Jirani akatoa kichwa juu ya ua wake akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama amesikia gari.

Nilimwomba dereva arudi akanisubiri barabarani. Nikakaa kwenye kizingiti, nikaepua maharage yasiungue, nikangoja. Mlio wa gari ulipokwisha kabisa, mihogo ikatikisika upande wa bondeni na mama akatoka, ana kifurushi cha nguo kwapani, matope hadi magotini. Hakusogea. Alisimama mwisho wa shamba, akatazama nyuma yangu, ndani ya nyumba.

"Umekuja na nani?" aliniuliza.

Nikamwambia nimekuja peke yangu. Akaniuliza tena.